Nataka kwenda Ujiji kwa baiskeli, mama hataki

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa historia, nina miaka 27, naishi Isevya hapa Tabora mjini. Kila mwaka nikifika kwenye mada ya misafara ya biashara huwachorea wanafunzi mstari ubaoni: Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Mstari huo unapita karibu kabisa na nyumbani kwetu, na sijawahi kuufuata hata siku moja. Babu yake mama alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu mpaka Ujiji na kurudi, na katika ukoo wetu hilo husemwa mara moja tu msibani, kisha linaachwa.

Likizo hii ya Juni nimeamua kwenda Ujiji kwa baiskeli, mzigo wangu mgongoni mwa baiskeli yangu, bila gari. Naenda na binamu yangu wa kiume, miaka 22, fundi seremala. Tuna siku 12 za kwenda na kurudi, na tumechanga shilingi laki tatu na nusu. Nimepanga siku tano za kwenda, kilomita 80 na kitu kwa siku, halafu turudi kwa treni. Baiskeli ni za gia, za mtumba, nzima.

Mama amekataa. Anasema baiskeli ni ya kubebea mkaa, na mwalimu akionekana porini na baiskeli watu watauliza kwao kumekosekana nini. Lakini namjua mama yangu, nyuma ya maneno hayo kuna hofu ya pori la mbele ya Kaliua. Mjomba amesema yeye ataleta pikapu itufuate nyuma na mizigo, tatizo litakuwa limekwisha. Kila mtu kafurahi isipokuwa mimi. Gari likitufuata nitakuwa nimekwenda matembezi tu.

Jumapili iliyopita nilipakia kila kitu kujaribu. Tulipima kwenye mizani ya duka la nafaka: kilo 31. Nikaenda Kwihara vizuri, ila wakati wa kurudi spoku tatu za nyuma zikakatika, nikasukuma baiskeli mpaka nyumbani. Mama alikuwa mlangoni. Hakusema neno, akanifungulia tu mlango. Bora angenigombeza.

Shangazi, je, niache? Nikubali gari la mjomba? Au kuna namna?

Mwenye Baiskeli, Tabora

*

Marahaba mwanangu.

Usiache. Na gari lisiwafuate. Ila siku tano hapana, na kilo 31 hapana, na kuhusu lile pori mama yako ana haki, kwa hiyo hapo utamfuata yeye.

Nianze na mzigo, maana ndio uliovunja spoku zako na ndio uliomnyamazisha mama. Kilo 31 unajua ni nini? Ni mzigo wa mpagazi. Wanyamwezi waliokwenda pwani walibeba kiasi hichohicho, karibu kilo 30, bila kuhesabu chungu, mkeka na chakula chao. Umepakia mzigo wa babu yake mama yako bila kujua. Lakini yule aliubeba kwa mabega yaliyozoea tangu utoto, akiwa na mamia ya wenzake, na msafara ulikwenda kwa miguu, taratibu, na kupumzika siku nzima pale palipobidi. Richard Burton na John Speke, wale wapelelezi Waingereza, walifika Kazeh, yaani Tabora yako hiyo, Novemba 1857. Ujiji wakaiona Februari 1858. Sikusudii ukae njiani miezi mitatu. Nataka tu ujue kwamba njia hii haijawahi kukubali mtu mwenye haraka na mzigo mzito kwa pamoja.

Kwa hiyo fungua mabegi. Nakisia mlipakia hema, jiko la gesi na mtungi wake, sufuria, viatu vya pili na vitabu. Hema libaki nyumbani, nitakueleza mtalala wapi. Jiko libaki, maana hakuna kituo kikubwa kwenye njia hii kisicho na mama ntilie. Vitabu wewe umeshavisoma, chukua daftari moja. Beba chandarua, shuka, khanga mbili (khanga ni taulo, ni pazia la kuogea, ni shuka la pili, na ni heshima unapoingia kwenye mji wa watu), nguo za kubadili mara moja, sweta kwa sababu usiku wa Juni Tabora unauma, dawa, tochi na vifaa vya baiskeli. Ukifika kilo 14 bila maji simama. Ukizidi 16 toa kitu, hata kama unakipenda.

Halafu usiweke vyote nyuma. Mzigo wote ukikaa kwenye keria ya nyuma, na wewe mwenyewe umekaa juu ya gurudumu hilohilo, spoku za upande wa gia ndizo hukatika kwanza kwa kuwa ndizo zilizokazwa zaidi. Mwambie fundi afumue gurudumu hilo na kulisuka upya kwa spoku nene, na wewe usiondoke, kaa pale umtazame. Spoku ya upande wa gia haiingii mpaka gia zenyewe zifunguliwe, na kifungulio chake si kila fundi wa kijijini anacho, kwa sababu baiskeli nyingi za huko ni za gia moja. Nunua chako. Beba spoku sita za urefu uleule wa zako, ufunguo wa spoku, tyubu mbili kila mmoja, viraka na gundi, pampu, vipande vya cheni. Kisha fanya mtihani huu: binamu akae pembeni asiguse kitu, wewe mwenyewe utoe gurudumu la nyuma, ubadili spoku na tyubu, urudishe. Siku utakayofanya hivyo mbele ya mama, hutahitaji maneno mengi kumshawishi. Ile Jumapili alikuona ukisukuma. Na akuone ukitengeneza.

Sasa njia. Kutoka Tabora hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 400, nawe uliigawa kwa tano kama mtu agawaye andazi. Njia haigawanywi hivyo, hugawanywa kwa maji na mahali pa kulala. Mimi nimezaliwa Kaliua, baba yangu alikuwa mtu wa reli, na nilipokuwa na umri kama wako niliondoka Kaliua saa 5 asubuhi na baiskeli yake aina ya Phoenix kwenda Urambo, na chupa moja ya maji, kwa kuwa niliona ni karibu. Ni karibu kweli, kilomita thelathini na kitu. Saa 8 mchana nilikuwa nimelala chini ya mti, kichwa kinagonga, na mama mmoja aliyekuwa anatoka shambani ndiye aliyeninywesha maji kwa kibuyu na kunikalisha kwake mpaka jua likapoa. Tangu siku hiyo sihesabu kilomita kabla sijahesabu maji. Beba lita nne au tano kila mmoja, jaza kila unapopata, na maji ya kisima yatibu kwa dawa hata kama yanameremeta.

Unajua kuwa huku kwetu magharibi jua huchelewa. Mwezi Juni Tabora linachomoza karibu saa 1, na Kigoma linachelewa zaidi. Kwa hiyo kama mmepanga kuondoka saa 11 alfajiri, futeni, mtakuwa mnaendesha gizani mbele ya mabasi. Ondokeni saa 1, saa 5 na nusu muwe kivulini, muendelee saa 9 hadi saa 11 jioni, basi. Usiku hakuna kuendesha, hata kama zimebaki kilomita tano. Basi au lori likija kwa nyuma na lingine linakuja mbele, wewe shuka pembeni. Usishindane na lori la tumbaku kwa ajili ya nusu dakika.

Siku ya kwanza iwe fupi, hadi Ndono, kilomita kama 40. Ya pili Urambo, 50 na kidogo. Mwili utakuwa umejifunza kukaa kwenye tandiko. Wewe ni mwalimu, na hilo ni hazina ambayo hukuiandika kwenye orodha yako: kila kata mtakayopita ina shule ya sekondari, na shule ina walimu. Anza sasa kupiga simu kwa wakuu wa shule, ujitambulishe, uombe chumba kwenye nyumba za walimu au darasa la kulala. Palipo na gesti lala gesti. Kokote mtakakolala kijijini, ripotini kwanza kwa mtendaji au mwenyekiti na vitambulisho vyenu. Mkoa wa Kigoma upo mpakani, wageni wasiojitambulisha wanatia watu wasiwasi, na wasiwasi huo ni halali. Salimieni watu kwanza kabla hamjauliza njia.

Urambo kaeni siku nzima. Hapa naomba nikushike mkono kidogo, kwa sababu katika orodha ya maeneo uliyoiambatanisha na barua yako nimeona Livingstone mara nne na mtemi Mirambo hayumo. Wilaya yote imebeba jina lake, mwanangu! Yeye ndiye aliyeifunga njia hii kwa vita dhidi ya Waarabu wa Tabora kuanzia 1871, na ndiyo sababu Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ilimbidi azunguke kusini ili afike Ujiji. Mji wake mkuu ulikuwa Iselamagazi, na alifariki Desemba 1884. Usitegemee kibao cha barabarani. Nenda ofisi ya halmashauri, muulize afisa utamaduni ni mzee gani atawapeleka na kuwasimulia, na mfike na kitu mkononi, sukari au sabuni. Urambo hiyohiyo Waingereza walifyeka mapori baada ya Vita Kuu ya Pili wakitaka karanga, pamoja na Kongwa na Nachingwea, na mwaka 1951 mpango wote ukawa umeanguka. Utapita katikati ya mashamba ya tumbaku yaliyokuja baadaye.

Na Kwihara, kwa kuwa iko jirani yako, usiihesabu kwenye safari. Nenda tena wiki mbili kabla, na kilo 14, iwe zoezi. Ukiwa ndani ya lile tembe la Livingstone usikomee kwa mzee huyo aliyekaa humo mwaka 1872 akisubiri wapagazi wapya. Wakumbuke watumishi wake, Chuma na Susi na wenzao, waliopita Tabora na mwili wake Oktoba 1873. Mwingereza waliyemkuta hapo, Cameron, aliwashauri wauzike papo hapo. Wakakataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, miezi tisa tangu waondoke alikofia. Hao ndio watu wa barabara hii. Pamoja nao wamo wale ambao hawakulipwa wala hawakuulizwa, waliopita na minyororo shingoni. Itetemia nayo, makao ya watemi wa Unyanyembe, iko jirani yako. Mtemi Isike aliyekataa kuinama mbele ya Wajerumani alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake Januari 1893. Hizo ni Jumapili mbili tatu za kuendesha, na miguu itakuwa tayari.

Siku ya nne Kaliua. Na hapo ndipo namfuata mama yako.

Mbele ya Kaliua vijiji vinakuwa mbali mbali, pori la miombo linafunga, halafu yanakuja mabonde ya Malagarasi. Barabara imeboreshwa sana miaka hii na Daraja la Kikwete limewaokoa watu na taabu ya kuvuka, lakini kwa watu wawili wanaosafiri kwa baiskeli mara ya kwanza hapo ni mbali mno pa kukatikiwa spoku. Kuna pia ndorobo, wale mbung'o wenyewe, ambao hufuata kitu kinachotembea na hupenda rangi ya buluu na nyeusi, na wanaweza kubeba malale. (Kwa sababu hiyo hata kabla ya Kaliua vaa khaki au rangi ya majani makavu, mikono mirefu, na begi likiwa la buluu lifunike kwa kitambaa.) Pandeni treni Kaliua, mshuke Uvinza. Baiskeli zinakwenda kwenye behewa la mizigo, mnazilipia, mnapewa risiti. Nenda stesheni Tabora kabla hujapanga chochote, uulize treni ya Kigoma inapita Kaliua siku zipi na saa ngapi, maana safari si ya kila siku, kisha panga siku zako nyingine kurudi nyuma kutoka hapo. Kama ukishafika Kaliua bado siku mbili treni ipite, utakula samaki wa kwetu na kusubiri. Siku 12 zinatosha kwa hilo.

Usione kuwa umeshindwa kwa kupanda treni. Reli ndiyo sura ya mwisho ya hadithi yenu. Iliingia Tabora 1912, ikafika Kigoma 1914, na tangu hapo kazi ya akina babu yake mama yako ikafa. Vipande vya ile meli tunayoiita Liemba vilipelekwa Kigoma kwa reli hiyo. Mtu anayetaka kujua wapagazi walikwendaje, na akajua pia walivyokoma, lazima akae kwenye behewa hilo walau usiku mmoja akitazama pori linavyopita kwa saa chache.

Uvinza usipite mbio. Watu wengi huiona dirishani wakauliza "hapa wanauza chumvi?" na kufunga dirisha. Waakiolojia waliochimba hapo mwaka 1967 walikuta alama za watu waliochemsha maji ya chemchemi kupata chumvi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Chumvi hiyo ililisha Unyamwezi, Uha na ng'ambo ya ziwa. Wapagazi walipita hapo, wakanunua, wakaongeza uzito kwenye mzigo ambao tayari ulikuwa kilo 30, kwa sababu nyumbani chumvi ni zawadi. Hapo na Uha ndipo watawala walipotoza misafara hongo ya njia. Stanley mwaka 1871 alilipa, akalipa tena, mwishowe akatoroka na watu wake usiku kupita porini. Ninyi hongo yenu ni salamu na kitambulisho.

Kutoka Uvinza hadi Kigoma ni kilomita kama 105, lami, na vilima vinaanza. Msilazimishe siku moja, laleni Kazuramimba. Mmechagua upande mzuri: upepo wa kiangazi hutoka zaidi mashariki, na ardhi inashuka kutoka mita 1,200 za Tabora hadi karibu mita 770 za ziwani, japo vilima vya mwisho havitakuambia hivyo. Kwenye mfuko wa mbele weka michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), karanga na kichupa cha asali ya Tabora. Hicho ndicho chakula cha njia hii, hakiozi, na hakuna biskuti itakayokupandisha kilima kama michembe.

Ujiji utakuta jumba la makumbusho na miembe iliyotokana na ule mwembe ambao inasemekana Stanley na Livingstone walikutana chini yake mwaka 1871. Kaa hapo, kisha shuka mpaka ufukweni kwenye mitumbwi, uone maji ambayo wengine waliyafikia na mzigo begani. Gombe iache safari hii. Inafikika kwa boti tu na itakula fedha yote iliyobaki.

Sasa mama, na mjomba. Usiende kumwambia mama kuwa huogopi. Mzazi hatulii kwa kusikia mwanaye haogopi. Kaa naye chini na karatasi: siku gani mnalala wapi, kwa mwalimu gani, namba yake ya simu, treni ya saa ngapi. Mwambie, "Pori ulilolisema sipiti kwa baiskeli, nimekusikia." Mpe saa ya simu, saa 1 usiku kila siku, na uitimize hata kama umechoka kufa, maana siku moja ukiisahau mjomba atawasha gari na atakuwa na haki. Kuhusu mkaa, usibishane naye. Watu wanaobeba mkaa kwa baiskeli kutoka vijijini mpaka Tabora mjini ndio wanaojua mambo yote uliyoniuliza. Waulize wanavyofunga mzigo.

Mjomba mshukuru, na maanisha. Mwambie gari libaki Tabora na simu yake iwe wazi siku zile nne za kwanza. Kati ya Tabora na Kaliua anaweza kuwafikia kwa saa chache likitokea la kutokea. Na zile fedha za dizeli alizokwisha kuzitenga mwombe azigeuze kuwa tiketi moja ya treni, Tabora hadi Kigoma, ya siku ile mtakayotegemea kuingia Ujiji.

Maana kuna swali moja hukuniandikia kama umewahi kumuuliza mama: je, yeye ameshawahi kufika Ujiji? Muulize kesho, kabla hujafungua daftari la safari. Kama jibu ni hapana, basi shukeni na binamu yako kutoka Ujiji mpaka stesheni ya Kigoma mkampokee, mumlishe migebuka, samaki wa ziwani, na kurudi mrudi watatu, baiskeli zikiwa behewani.

Shangazi